Kuhamisha mikanda ya video ya nyumbani kwenda DVD: mwongozo kwa tulioko Kigoma

Kama nyumbani kwenu kuna boksi la mikanda ya video juu ya kabati, na ndani yake mna harusi ya mjomba, kipaimara cha dada au maulidi ya mtaani Ujiji, kazi ya kuihamisha kwenda DVD inafanyika hapa hapa Kigoma. Huhitaji kumpa mtu anayepanda treni kwenda Dar es Salaam. Unahitaji deki inayocheza vizuri, laptopu, kidude cha USB cha kunasia picha, na uvumilivu, maana mkanda wa saa tatu unarekodiwa kwa saa tatu na hakuna njia ya mkato.

Wengi huogopa upande wa kompyuta. Mimi nasema huko ndiko kwepesi. Ugumu uko kwenye mkanda na deki. Mkanda uliokaa miaka ishirini na kitu unaweza kukubali kuchezwa vizuri mara moja tu, kisha ukakatika, ukajikunja au ukaanza kuchafua hedi, vile vichwa vya deki vinavyosoma utepe. Kwa hiyo usiuweke "tuone kwanza kuna nini". Siku unayoucheza ndiyo siku unayourekodi, na kila kitu kiwe tayari kabla hujaugusa.

Hatua ya 1: Jua una mikanda ya aina gani

Ule mkubwa, wenye urefu wa karibu sentimita 19, ni VHS. Ubavuni huandikwa E-120, E-180 au E-240, yaani dakika zake. Mdogo wa VHS-C huingia ndani ya adapta yenye umbo la VHS, kisha ukachezwa kwenye deki ya kawaida. Lakini mikanda midogo ya Video8 na Hi8 haina adapta ya namna hiyo, na mtu akikwambia anayo anakupotezea muda: lazima ipatikane kamera ya aina hiyo hiyo. MiniDV nayo ni ya kidijitali, inahitaji kamera yake na waya wa FireWire, na ni somo jingine. Hapa nazungumzia VHS, kwa kuwa ndiyo iliyojaa majumbani.

Kuna jambo la mfumo wa picha za TV ambalo sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika linatuhusu kuliko watu wa Dodoma. Mikanda yetu mingi ni PAL: mistari 625, fremu 25 kwa sekunde. Waliotumiwa mikanda na ndugu walioko Oman hawana shida, kwani huko nako walitumia PAL. Burundi na Kongo walifuata SECAM ya Wafaransa, kwa hiyo mkanda uliovuka ziwa kutoka Bujumbura au Uvira unaweza kuonyesha picha isiyo na rangi kwenye deki ya PAL peke yake. Uliotoka Marekani utakuwa NTSC, wa mistari 525, na picha yake itarukaruka. Dawa ya yote mawili ni deki ya mifumo mingi, ambayo huandikwa PAL/SECAM/NTSC kwa mbele au kwa nyuma. Ukiona rangi imepotea, usikimbilie kumlaumu fundi.

Kisha fanya jambo dogo ambalo watu hulisahau. Kwenye ubavu wa mkanda unapobandikwa lebo, pembeni kabisa, kuna kijino cha plastiki. Kivunje kwa bisibisi. Deki haiwezi tena kurekodi juu ya mkanda huo, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu.

Hatua ya 2: Ukague kabla haujaingia kwenye deki

Hewa ya Kigoma ina unyevu, na kuanzia mvua za mwishoni mwa mwaka hadi masika boksi lililosukumwa kwenye kona ya ukuta huota ukungu. Wenzetu wa Tabora wanasumbuliwa zaidi na vumbi na joto la Oktoba. Shika mkanda kwenye mwanga wa dirisha uangalie kupitia vioo vyake viwili. Utepe mzuri ni mweusi au kahawia, unang'aa sawasawa. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu pembeni mwa utepe uliozungushwa, huo ni ukungu. Unuse pia; harufu ya chumba kilichofungiwa muda mrefu ni dalili tosha.

Mkanda wenye ukungu usiuweke kwenye deki hata kidogo. Unga ule hung'ang'ania kwenye hedi na rola, na kila mkanda utakaofuata utapata sehemu yake. Tia kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uandike "UKUNGU", uweke kando. Nitaurudia mwishoni.

Mikanda mikavu na safi iache kwenye chumba utakachofanyia kazi kwa siku nzima, isimame wima, mbali na jua. Usiianike, jua hupinda plastiki. Fungua mlango wa mbele wa mkanda kwa kubonyeza kidude kidogo cha ubavuni, uangalie kama utepe umejikunja au umekatika. Uliokatika huungwa kwa selotepu maalumu ya kuungia tepe, na inabandikwa upande wa ndani wa utepe, ule usiogusa hedi. Selotepu ya stesheneri gundi yake huvuja na kunata kwenye hedi. Kama huna ile maalumu, uache mkanda huo mpaka uipate.

Hatua ya 3: Deki

Deki mpya za VHS hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, iliyokuwa kampuni ya mwisho, ilisimamisha mwaka 2016. Kwa hiyo tunatafuta za zamani: kwa waliokuwa wakikodisha mikanda, kwenye ofisi za parokia, kwa mzee aliyekuwa na kibanda cha video, kwenye rafu za mafundi redio wa Mwanga. Usinunue kabla hujaiona ikicheza, ikienda mbele na kurudi nyuma, na ikitema mkanda bila kusitasita. Jaribu kwa mkanda wa filamu usiokuuma, si kwa harusi ya wazazi. Deki inayokula mkanda mara moja itakula tena.

Tatizo la kawaida la deki iliyokaa ni belti za mpira kulegea na rola kuwa ngumu. Fundi mzoefu anaweza kubadilisha belti. Hedi chafu ndiyo huleta chenga picha nzima, na hapo ndipo deki nyingi huharibiwa na mikono yenye nia njema. Hedi ni vipande vidogo sana vilivyopachikwa kwenye ile silinda inayong'aa, na nyuzi za pamba zinaweza kunasa na kuvivunja. Usafi wake ni huu: chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko cha juu, chukua kipande cha karatasi nyeupe ya kuandikia, ukiloweshe kidogo kwa isopropili wanayotumia mafundi simu. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi imechanganywa na maji, na tina au petroli visikaribie kabisa. Karatasi iguse ubavu wa silinda bila kukandamiza, huku mkono mwingine ukiizungusha silinda taratibu kwa kushika juu. Karatasi imetulia, silinda ndiyo inayozunguka. Usisugue juu-chini kamwe, na usiguse ubavu ule kwa kidole. Iache ikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Ukimpelekea fundi, mwambie kwa adabu: "Fundi, naomba tusitumie pamba, nimekuja na karatasi yangu." Atakucheka kidogo. Afadhali kuchekwa.

Na deki iliyosafiri kwa bodaboda kwenye mvua, au iliyotoka chumba chenye kiyoyozi kikali, isiwashwe papo hapo. Umande ukiganda kwenye silinda, utepe hunata na kuvutwa. Ipe saa kadhaa.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Nyuma ya deki kuna matundu ya AV: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Deki zingine za Ulaya zina tundu pana la SCART lenye pini 21, hilo linahitaji adapta ya kutoa AV. Kama deki yako ina tundu moja tu la sauti, tumia waya mweupe. Usishangae ukisikia upande mmoja.

Waya hizo zinaingia kwenye kidude cha kunasia picha, na kidude kinaingia USB ya laptopu moja kwa moja, si kupitia kigawanyio. Vidude hivi huitwa EasyCap na wauzaji wengi, ingawa vilivyo sokoni vimetengenezwa na viwanda tofauti na ubora haufanani. Cha bei ya chini sana huweza kupishanisha sauti na midomo. Kabla ya kulipa, omba ukijaribu kwenye laptopu yako mwenyewe, kwa sababu baadhi vinataka draiva (programu ya kukiendesha kidude) ambayo Windows mpya haiipokei.

Wapo wenye bahati ya kupata deki ya mseto, ya VHS na DVD pamoja, inayorekodi kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ni rahisi kupita kiasi: unaweka mkanda, unaweka DVD tupu, unabonyeza. Ila hakikisha inarekodi kweli. Nyingi za mseto hucheza tu.

Kurekodi skrini ya TV kwa simu ni njia ya dharura. Inafaa kwa mkanda unaokaribia kufa na huna kifaa kingine, basi.

Hatua ya 5: Kurekodi

Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha. Ongeza kidude chako kama chanzo cha picha, chagua mfumo wa PAL, ukubwa 720 kwa 576. Turubai ya picha iwe 768 kwa 576, ili umbo libaki 4 kwa 3 kama lilivyopigwa. Usiivute ijaze TV pana. Bibi harusi atanenepa bila kula.

Picha ya VHS husafiri kwa nusu mbili, mistari ya witiri kisha ya shufwa, na kwenye kompyuta mtu anayecheza ngoma huonekana ana kingo za meno kama kitana. Bonyeza kulia kwenye chanzo, tafuta sehemu ya kuondoa meno hayo, chagua Yadif 2x, na kasi ya kurekodi iwe fremu 50. Mwendo utakuwa laini kama ulivyokuwa kwenye TV ya chogo.

Ubora uwe karibu kilobiti 8,000 kwa sekunde. Hiyo ni takriban GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo mkanda wa saa tatu utakula kama GB 11. Pima nafasi yako kabla hujaanza.

Sasa la umeme. Rekodi kwa muundo wa MKV, si MP4. Umeme ukikatika au laptopu ikizima katikati, faili la MKV hubaki likichezeka mpaka pale lilipofika, ilhali la MP4 linaweza kukataa kufunguka kabisa. Ukimaliza, OBS yenyewe inaweza kuligeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora. Laptopu iwe na chaji kamili. Deki haili umeme mwingi, hivyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya ofisini inaiwezesha kuendelea kwa muda. Usipokuwa nayo na umeme ukaondoka mkanda ukiwa ndani, usiuvute kwa nguvu. Chomoa deki kwenye soketi, subiri umeme urudi na utulie, ndipo uchomeke na kuutoa.

Zima intaneti, zima ile hali ya laptopu kulala, funga programu nyingine zote. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Kama mkanda ni mzima, upeleke mbele hadi mwisho na kuurudisha mwanzo bila kuucheza, ili utepe ujipange upya. Ukisikia unalia au unasita, simamisha.
2. Anza kurekodi kwenye OBS kwanza, ndipo ubonyeze kucheza kwenye deki.
3. Dakika mbili za mwanzo rekebisha trakingi, yaani jinsi hedi inavyofuata picha kwenye utepe, kwa vitufe vya kujumlisha na kutoa mpaka chenga zipungue. Kila mkanda unataka marekebisho yake, kwa kuwa ulirekodiwa na mashine nyingine.
4. Vaa hedifoni, sikiliza. Picha unaweza kuivumilia ikiwa mbaya, lakini hotuba ya babu isiyosikika haina faida.
5. Acha mkanda uende hadi mwisho wake kabisa. Usidanganywe na chenga za katikati. Mara nyingi baada ya harusi kuna dakika chache za kitu kingine ambacho mpiga picha alirekodi au hakukifuta.

Kwenye kompyuta utaona mstari uliovurugika chini kabisa ya picha. Si ubovu. TV za zamani zilikuwa zinauficha nyuma ya fremu. Chenga zikijaa picha nzima ghafla, hapo ndipo usimame na kusafisha hedi.

Ukimaliza, fungua faili uangalie mwanzo, katikati na mwisho. Mwisho ndio muhimu: sauti inayopishana hujionyesha baada ya saa moja au mbili, si kwenye dakika ya kwanza.

Kuna kazi nyingine ya saa hizo tatu ambayo mimi naithamini kuliko mipangilio yote ya OBS. Mkalishe bibi, shangazi au mzee yeyote aliyekuwepo siku ile, umpe kiti kizuri na chai, uwe na daftari. Kila anapotaja mtu, andika dakika na jina: dakika ya 14, aliyevaa kanzu nyeupe na koti, mdogo wake babu, alikuwa mhudumu wa meli ya Liemba; dakika ya 40, yule anayepiga vigelegele ni mama mzaa chema. Usimharakishe, na usimrekebishe akikosea mwaka. Picha zitabaki, ila majina yako kichwani kwake, na DVD haiwezi kukwambia hata moja. Piga daftari lile picha kwa simu, uhifadhi pamoja na faili.

Jina la faili liwe la kueleweka: 1998-08-harusi-ujiji-mkanda1. "Video mpya 3" haitamsaidia mtu yeyote.

Hatua ya 6: Kuchoma DVD

Faili ndilo asili yako mpya. DVD ni nakala ya kumpelekea mtu mwenye deki ya DVD na rimoti aliyoizoea. Ndugu wengi siku hizi wana TV yenye tundu la USB; hao watilie MP4 kwenye flashi, ukikumbuka kwamba flashi iliyoformatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Iformati kwa exFAT kama TV inaikubali, au katakata faili.

Kwa DVD, usinakili tu MP4 kwenye diski. Deki za zamani hazitaisoma. Tumia DVDStyler, nayo ni ya bure: chagua PAL, 4 kwa 3, ingiza video, weka ukurasa wa kuchagulia sehemu kama unapenda, kisha choma. Diski ya kawaida ni GB 4.7, na inabeba saa mbili kwa ubora unaopendeza. Mkanda wa saa tatu ugawe diski mbili. Kuushindilia kwenye moja ni kuharibu kazi uliyoifanya kwa saa tatu. Kasi ya kuchoma iwe ndogo, mara 4 au mara 8. Kisha ijaribu kwenye deki ya mwenyewe atakayeitazama, si kwenye laptopu yako peke yake. Waliorekodi kwa deki ya mseto wasisahau kuifunga diski (finalize) kwenye menyu kabla ya kuitoa, vinginevyo haitasomeka kwenye deki nyingine.

Andika kwa kalamu ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati. Usibandike karatasi ya gundi. Diski za kuchoma hutumia rangi inayofifia kwa jua na joto, kwa hiyo dashibodi ya gari si mahali pake.

Kama utampa mtu wa studio akufanyie, muulize mambo matatu: atakupa na faili au diski tu, atakurudishia mkanda, na je, unaweza kukaa naye akirekodi. Akikwepa la mwisho, tafuta mwingine. Na kama mkanda ni wa filamu ya kununua, picha itakuwa inang'aa na kufifia kwa zamu: hiyo ni kinga ya mwenye kazi dhidi ya kunakiliwa, iache. Mwongozo huu ni wa mikanda yenu wenyewe. Hata hiyo, muulize mwenye harusi kabla hujaitupia kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Nakala mbili za faili, nyumba mbili tofauti. Moja kwako kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu wa Tabora, Mwanza au kokote. Kupakia GB nyingi mtandaoni kwa bando ni gharama; diski ya nje ndani ya begi la mtu unayemwamini hufika vizuri. Mkanda wa asili usitupe. Urudishe mwanzo, usimamishe wima ndani ya boksi lenye kifuniko, na utie vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Ile ya ukungu

Imebaki ile mifuko uliyoiandika. Usiishughulikie mpaka mikanda yote mizima imekwisha. Kwanza ikaushe: boksi lililofungwa, vifuko vya kunyonya unyevu vingi, wiki kadhaa. Ukungu mkavu hupukutika, mbichi hunata. Kisha, nje ya nyumba, ukiwa umeziba pua na mdomo kwa barakoa, fungua skrubu tano za chini na ufute pembeni mwa utepe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Piga picha kabla hujatoa chochote ndani, ili ujue kila kigurudumu na springi vilikaaje.

Kwa kuucheza, tumia deki ya pili, mbovumbovu ya bei poa ambayo hutaililia, na uisafishe hedi baada ya kila mkanda. Deki yako nzuri isiuone. Na kama mkanda huo ndio pekee wenye sauti ya mtu aliyekwishatangulia, usiufungue mwenyewe kama ndiyo mara yako ya kwanza. Uache kwenye mfuko wake mkavu, jizoeze na mikanda ya filamu kwanza, au umpelekee fundi ambaye umemuona kwa macho yako akifungua mwingine na kuufunga ukacheza.